Chai Tumeivisha, Sukuma Tumeiacha Uchi

Ukitoka Kericho kuelekea Litein, ukapita Kapkatet hadi Kaplong, kisha ukakata kushoto kushika njia ya Bomet, unaweza kumaliza safari nzima bila kuuona udongo. Chai imeufunika. Kijani kinaanzia kando ya lami kinateremka hadi mtoni, na pasipo na chai pana mikaratusi au nyasi za ng'ombe. Lakini ingia katika boma lolote, zunguka nyuma ya jikoni kwenye shamba la mboga, na hapo ndipo utakapouona: mwekundu, umechimbwa, umekwanguliwa, na juu yake mistari ya sukuma iliyosimama peke yake. Mwenyewe atakuonyesha kwa fahari. Angalia, hakuna hata jani moja! Rudi baada ya wiki 2, mvua ikiwa imenyesha inavyojua kunyesha huku, na jani moja limeshazaa kabila.

Msimamo wangu ni huu. Magugu yanayotutesa katika mashamba madogo ya mboga ya Kericho na Bomet, sehemu kubwa tunayapanda wenyewe kwa jembe. Na suluhisho si jembe zaidi, wala si pampu ya mgongoni. Ni kuufunika udongo kwa mimea tuliyoichagua sisi, kabla haujafunikwa na ile iliyojichagua yenyewe. Maana udongo wa mahali penye mvua kama hapa haukubali kukaa wazi. Lazima kitu kiote. Swali ni kiote nini, na kwa faida ya nani.

Mbona chai hatuipalilii?

Muulize mkulima wa chai ni lini mara ya mwisho aliingiza jembe kwenye chai iliyokomaa. Atakucheka. Matawi ya mstari huu yakishakutana na ya mstari ule, jua halifiki chini na magugu hayana pa kuanzia. Kinachobaki ni kung'oa mche wa mti hapa, sangari iliyopenya pembeni pale. Taabu ya palizi ipo katika miaka ya kwanza chai ikiwa changa, kisha hurudi kwa muda kila chai inapopogolewa, mwanga ukaingia. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza matawi yaliyopogolewa yaachwe palepale chini. Wanaoyabeba kwenda kuyafanya kuni wanapata moto wa siku chache, na magugu yanapata mwaka mzima.

Wala haya si maarifa ya jana. Kericho ina taasisi ya utafiti wa chai tangu 1951. Mwaka 1975 mtafiti wa taasisi hiyo, C. O. Othieno, alichapisha matokeo ya kazi ya kupima udongo unaosombwa na mvua katika mashamba ya chai changa. Alilinganisha sehemu zilizopaliliwa kwa jembe, zilizopigwa dawa ya magugu, zilizotandazwa nyasi, na zilizopandwa oti katikati ya mistari. Palipopita jembe na palipopita dawa, udongo uliondoka na maji. Penye nyasi na penye oti ulitulia. Chai ilipozidi kutanda, tofauti hiyo nayo ilipungua. Tazama vizuri jinsi pande zilivyogawanyika: jembe na dawa, ambavyo wakulima huvibishania vijiweni utadhani ni maadui, viliangukia upande mmoja. Vyote viwili huacha udongo uchi.

Sasa, ikiwa Kericho imeyajua haya kwa takriban nusu karne, mbona hayakuvuka ua yakaingia shamba la mboga? Nina dhana yangu. Chai ina kiwanda, ina afisa anayeizungukia, ina mikutano, ina bonasi ya kugombaniwa. Sukuma ina mama mwenye jembe. Hakuna anayemtembelea. Na anachosifiwa na majirani ni shamba lililokwanguliwa, kwa hiyo anakwangua.

Jembe linapopanda

Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Siwabishii, ila sidhani walikuwa wakipalilia sangari.

Chimbua sangari uone ilivyo. Chini ya yale majani membamba kuna shina jeupe gumu linalotambaa ardhini, lina vifundo, na kila kifundo kina jicho. Ukilipiga jembe mara 4 umepata vipande 5, na kila kipande chenye jicho ni mche. Ukichimba leo ukauacha udongo umegeuka na mvua ikanyesha jioni, umefanya kazi ya kitalu. Ndago nayo ina viazi vyake vidogo vyeusi vinavyokatika vikabaki chini. Na lile jani la vipande vitatu, chachu, ambalo watoto hulitafuna wakitoka shule, lenye ua la zambarau hafifu: ling'oe polepole utakuta kitunguu kimezungukwa na vitunguu vidogo vingi, vinavyopukutika ukitikisa tu mkono.

Ila bingwa wao ni kongwe, ile yenye ua la buluu lisilopita asubuhi. Kipande cha shina lake ukikitupa juu ya udongo wenye unyevu kinashika mizizi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waichimbue kwa subira: kongwe huzaa hata chini ya ardhi. Ina matawi meupe yanayoingia udongoni, yenye maua yasiyofunguka, na ndani yake mna mbegu. Umekata ya juu umeridhika, kumbe ya chini imeshajifungua.

Yale mengine, kishona nguo na lile jani dogo la ua jeupe lenye kitovu cha njano linalojaa kwenye sukuma, hutegemea mbegu. Mche mmoja wa kishona nguo hutoa mbegu kwa maelfu, na zilizozikwa husubiri. Nyingi za mbegu hizi ndogo huamshwa na mwanga. Kila unapogeuza udongo unazileta juu, unazionyesha jua, kisha unalalamika zimeota. Je, tungeshangaa mahindi kuota baada ya kuyapanda?

Sisemi jembe litupwe. Samaki mkunje angali mbichi: gugu la majani mawili likikwaruzwa kijuujuu siku ya jua kali limekwisha, wala halihitaji kuchimbiwa. Tatizo ni kwamba wengi wetu hungoja gugu lifike magotini ndipo tulipigie jembe la kina, wakati limeshatoa mbegu.

Nani anayelipa

Aprili na Mei mvua hukolea. Chai huchipua, mizunguko ya kuchuma hukaribiana, na majani mabichi hayangoji. Wakati huohuo magugu yanafunika mboga. Mikono ni ileile. Nyumba nyingi za huku zina chaguo tatu: mama aamke usiku zaidi, mtoto abaki nyumbani siku ya shule, au atafutwe kibarua kwa pesa ya chai ambayo haijalipwa. Kibarua naye ana chai ya kuchuma kwa jirani, kwa hiyo bei yake iko juu siku hizohizo unazomhitaji. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika miaka mingi kwamba bonasi yao ni ndogo ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki. Sawa, walalamike, wana haki. Ila ni wangapi wamewahi kupiga hesabu ya pesa ya bonasi inayoishia kwenye palizi ya robo ekari ya kabichi?

Na palizi ikichelewa ndiyo hasara yenyewe. Sukuma huamuliwa katika wiki 3 au 4 za kwanza baada ya kuhamishiwa shambani. Ikisongwa hapo, hata ukija kuipalilia vizuri baadaye haitanenepa. Kitunguu na karoti ni vibaya zaidi, kwa sababu majani yake membamba hayafuniki kitu mpaka siku ya kuvunwa. Mwenye shamba analazimika kununua sukuma sokoni, naye ana shamba. Mkulima ni mmoja walaji ni wengi, husema, lakini kuna misimu mkulima naye yumo kwenye foleni ya walaji.

Ndipo watu hukimbilia dawa. Naelewa kabisa: mtu mmoja na pampu humaliza kwa asubuhi moja kazi ya vibarua kadhaa. Kuhusu glaifoseti, ulimwengu wenyewe haujakubaliana. Mwezi Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Novemba 2023 Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali cha miaka 10. Parakwati ni habari nyingine. Ulaya haijairuhusu tangu 2007, na mtu akiimeza hata kidogo hakuna dawa ya kuitengua. Kitu cha namna hiyo hakifai kukaa kwenye chupa ya soda chini ya kitanda, nasi tunajua ndiko dawa nyingi zinakokaa. Lakini tuseme hata ingekuwa salama kama maji. Dawa huua kilichoota. Mbegu zilizo chini haizigusi, na udongo unabaki wazi kuzikaribisha. Upepo ukivuma vibaya, sukuma nayo imeondoka.

Ukubali kupoteza wiki 2

Kabla ya kufika kwenye mimea yenyewe, kuna hila moja isiyogharimu kitu. Tayarisha shamba kama unataka kupanda kesho, kisha usipande. Acha magugu yaote kwa wiki 2. Yakiwa na majani mawili, yakwaruze juujuu jua likiwaka, bila kuzamisha jembe. Ukiweza rudia mara ya pili. Halafu chomeka miche yako ukigeuza udongo wa shimo peke yake. Magugu yaliyokuwa karibu na uso wa ardhi yamejimaliza, na yaliyo chini hujayaamsha. Haraka haraka ndiyo inayotuponza hapa, kwani mvua ikianza kila mtu anataka aonekane amepanda wa kwanza.

Sasa kufunika. Huku juu, Kericho, Londiani na Konoin, baridi inachagua mimea. Mukuna inayosifiwa vitabuni hupenda joto, hapa hudumaa. Njahi huenda, ingawa polepole, na Bomet ya chini upande wa Sigor na Longisa huenda vizuri zaidi. Marando ya viazi vitamu hutanda haraka, ng'ombe huyapenda, na mbegu yake ni kipande cha kuombwa kwa jirani. Malenge hufunika eneo kubwa kwa shina moja, majani yakaliwa, tunda likaliwa.

Mmea ninaoupigia debe kuliko yote ni mitoo. Majirani zetu wa Nyanza wanaula na ugali tangu zamani. Kuvuka mpaka, Tanzania, mmea huohuo unaitwa marejea, na Wabenedikti wa Peramiho, Songea, waliueneza miaka ya 1980 kama mbolea ya shambani. Mboga moja, kazi nne: hufunika, huvuta naitrojeni hewani, hupunguza minyoo ya mizizi inayoitia nyanya vifundo, na huchumwa ukapikwa. Mama anayeambiwa apande kitu kisicholiwa katika shamba la mboga ana haki ya kukataa. Mitoo haimpi sababu.

Namna ni mbili. Ya kwanza ni kupanda kifuniko baina ya mistari sukuma ikishashika, wiki 4 hivi baada ya kuhamishwa, isije ikagombana nayo ingali changa. Ya pili, ambayo naiona bora kwa wenye nafasi kidogo, ni kugawa shamba na kuliacha fungu moja kwa zamu: linapandwa kifuniko pekee, kizito kuliko mtu anavyopanda chakula, likafungwa msimu mmoja. Kinapoanza kutoa maua, kabla ya mbegu, kikate kwa panga usawa wa ardhi, kilaze palepale, usikifukie. Baada ya wiki 2 au 3 chomeka kabichi ndani ya yale majani. Vitunguu vipandwe hapo msimu unaofuata, penye magugu machache, si penye sangari.

Desmodiamu je? Ile ya mfumo wa sukuma-vuta ulioenezwa na taasisi ya icipe kutoka Mbita, kandokando ya Ziwa Viktoria? Ni nzuri, inavumilia udongo mchungu, yaani wenye asidi nyingi, na hushika hata kwa vipande vya shina. Lakini haifi. Iweke kwenye makinga maji na pembezoni pamoja na nepia. Ndani ya tuta la mboga utakuwa umejiletea mgeni asiyeaga.

Oti nayo nina tahadhari. Watu wa Bomet hawajasahau 2011, pale Longisa ilipokuwa mahali pa kwanza Kenya kuthibitishwa ule ugonjwa wa mahindi unaojulikana kama MLN. Mahindi yalikauka yakiwa na majani ya njano, na ushauri uliotolewa ulikuwa kuacha kupanda mahindi juu ya mahindi na kuingiza mazao yasiyo ya jamii ya nafaka. Oti nayo ni nafaka, kwa hiyo mahali ambapo mahindi yatafuata, mimi ningechagua jamii ya kunde.

Ng'ombe, konokono na udongo mchungu

Kuna pingamizi tatu, na zote zina uzito.

Ya kwanza ina pembe. Kila kilicho kijani huku kina ng'ombe anayekisubiri, na ng'ombe wa maziwa analipa karo. Kumwambia mama aache njahi zioze chini ilhali ng'ombe analia zizini ni kumtania. Basi wagawane: nusu ya juu iende zizini, nusu ya chini ibaki, na samadi irudi. Ila irudi ikiwa imeiva. Samadi mbichi ni gunia la mbegu za magugu, na mboji iliyopata joto la kutosha na kugeuzwa huziua nyingi. Nimeona watu wakipalilia kwa bidii huku wakimwaga mbegu mpya kwa toroli.

Ya pili ni konokono wale wasio na gamba. Panapofunikwa na pana mvua, wapo, na miche michanga ndiyo chakula chao. Hakuna njia ya kulikwepa hili isipokuwa kuacha duara wazi la upana wa kiganja kuzunguka kila mche, na kutoka jioni na tochi kuwaokota. Bata wakiwepo wanasaidia, mradi sukuma imekomaa.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu haionekani. Udongo unaoipendeza chai si unaoipendeza kunde. Chai hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi, sukuma na kabichi hutaka 6 au zaidi. Miaka mingi ya mbolea ya DAP imeuchachisha zaidi. Katika udongo huo njahi itaota, itakuwa na majani, lakini wale vijidudu wa kwenye mizizi hawatafanya kazi. Kuna njia ya kujua bila maabara. Ng'oa mche mmoja unapoanza kutoa maua, uoshe mizizi, tafuta vifundo vidogo vilivyoshikamana nayo, kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya damu hafifu ndani, naitrojeni inavutwa. Kikiwa cheupe au kijani, au mzizi hauna kifundo kabisa, unahitaji chokaa kabla ya kutupa pesa nyingine kwenye mbegu. Kupima udongo ni bora, lakini ukucha ni bure.

Mbegu iko wapi?

Hapa nawageukia wenye ofisi. Ukiingia duka la pembejeo katika kituo chochote cha biashara huku, dawa ya magugu ipo, ya chupa kubwa na ya chupa ya robo ekari, na kijana wa kaunta anajua kipimo chake bila kusoma. Uliza mbegu ya mitoo au ya desmodiamu uone atakavyokutazama. Kaunti zetu mbili zina maafisa wa kilimo wachache, na mkulima wa mboga huwasikia redioni zaidi ya anavyowaona. Viwanda vya chai navyo vina watu wa shambani wanaozunguka vijijini kila wiki na kupita mita chache kutoka kwa sukuma iliyokwanguliwa. Ni gharama gani kumwongezea mtu huyo dakika 10 za kuzungumza na mama wa boma kuhusu mboga, wakati kiwanda kinategemea mikono ya mama huyohuyo kuchuma chai?

Wasipofanya, chama cha akina mama kinaweza. Vikundi vya kuweka akiba vipo kila kijiji, na vinajua kugawana sufuria, viti na mikopo. Vigawane mbegu. Mitoo hutoa mbegu nyingi, mistari miwili iliyoachwa ikomae inatosha kuanzisha majirani kadhaa, na ya kuanzia inaweza kuulizwa kwa wauza mboga wa upande wa Sondu siku ya soko. Marando hayahitaji hata kuulizwa. Njahi ni za kununua kwa kilo kama chakula, mradi ziwe mpya na zijaribiwe kwanza: weka 10 kwenye kitambaa kibichi, zikiota chini ya 7 ongeza kipimo. Mvua ndefu zikianza Machi, mbegu ya kufunikia fungu la kwanza iwe imeshapatikana Februari, wakati bei ya kibarua bado iko chini na shamba linakwaruzika kwa jua.